Wageni wa Turbo na Upawa wa Zamani

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeitwa kupika ndani ya gari la mjukuu wangu Mhina.

Kwanza niseme kwamba nililala na hasira. Jana jioni Mhina na rafiki yake, fundi Semhando, walikuwa uani kwangu hapa Muheza, wameliinamia gari lile la turbo, wamelifungua mpaka linafanana na samaki aliyepasuliwa. Leo lilikuwa lishindane kupanda mlima wa Amani, na Mhina ndiye dereva.

Nikauliza kwa adabu, "Mnaliongeza nini?"

"Upepo, Bibi," Mhina akasema. "Turbo sasa itasukuma upepo mara mbili."

"Na chakula chake?"

Wakatazamana, wakacheka. "Tumeliwekea pampu kubwa ya petroli. Lakini haya mambo ya mashine wewe huyajui, Bibi. Nenda kapumzike."

Nikapumzike. Mimi Mwantumu, niliyesimamia masufuria ya arusi miaka thelathini na miwili na sijalaza mgeni na njaa hata mmoja. Basi nikaenda kupumzika, nimenuna.

Ndipo boneti ikafunguka kama mlango. Nikavua kandambili, nikaingia.

Ndani kuna shughuli. Turubai limefungwa, mikeka imetandikwa, na silinda nne ndiyo vyumba vinne vya wageni. Ukutani wamebandika sheria ya nyumba: WAGENI KUMI NA WANNE, SINIA MOJA. Sisi kwetu sinia moja hula watu wanne, wakizidi watano. Lakini wageni wenyewe ni upepo, na upepo ni watu wembamba, kwa hiyo sikubisha.

Mlangoni amekaa karani. Ni kile kisanduku cha kompyuta ya gari, amevaa miwani na ameshika orodha.

"Jina?"

"Mwantumu."

"Humo kwenye orodha."

"Mimi ni mpishi."

"Mpishi apite nyuma."

Nikapita nyuma. Huko nikamkuta pampu mpya, mama mmoja mnene, amejifunga kanga kiunoni na anatokwa jasho la petroli. Masufuria matatu yanafurika mbele yake. Analia.

"Shoga yangu," nikamwambia, "chakula kipo, kilio cha nini?"

"Chakula kipo, kinatokaje? Nimeletwa jana, nikaambiwa nipike mara mbili. Nimepika. Sasa tazama upawa wao."

Nikatazama. Wapakuaji ni wanne, wanaitwa nozeli, ndio wanaopulizia petroli vyumbani, ndugu wa mama mmoja, wazee, wamekonda. Kila mmoja ana upawa wenye tundu dogo kama la sindano.

"Hatujagoma, mwenzetu," mkubwa wao akaniambia. "Tunapakua mpaka viwiko vinauma. Ila huu ndio upawa tuliokuja nao. Wamebadilisha mpishi, upawa wakauacha."

Mtoto mdogo anajua kwamba ukiongeza wali, unaongeza na wa kuupakua.

Mara naona wageni wanaingia. Turbo mwenyewe yuko getini anawakaribisha. Ni konokono wa chuma, mweupe kwa joto, anazunguka mahali pamoja na hachoki. "Karibuni, karibuni, ndani kuna nafasi." Wanaingia ishirini na wanane chumba kimoja. Wanaketi. Linaletwa sinia moja na nusu.

Nikamrudia karani. "Baba, wageni wamezidi."

"Orodha inasema kumi na wanne kila chumba."

"Wako ishirini na wanane. Huwaoni?"

"Nawaona. Hawamo kwenye orodha."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hawapo."

Nimegombana na watu wengi kwenye arusi. Nimegombana na wazee wa upande wa bwana arusi na wenye kudai kichwa cha mbuzi. Sijapata kuona mtu wa namna hii.

Chumbani wageni wanalitazama sinia. Upepo mmoja mzee, mwenye adabu zake, akanigeukia. "Mama, sisi hatuchagui. Lakini tumeitwa."

"Ni kweli, baba. Mmeitwa."

"Na mgeni asipopata chakula hupata moto."

Kweli, wanaanza kupata moto. Wanakuwa wekundu, kisha weupe. Mmoja akanyoosha mkono akamega ukingo wa pistoni, akautafuna. "Mkavu," akasema. Akamega tena. Wenzake nao wakaanza kumega nyumba kidogo kidogo, bila fujo, kama watu wanaokula andazi wakisubiri chai. Sakafu ya chumba ni pistoni yenyewe, na chini ya sakafu naiona barabara ya Amani, kona juu ya kona, na bonde pembeni. Kwenye usukani nauona mgongo wa Mhina wangu. Anapiga mluzi.

Nikatoka mpaka getini. "Wewe Turbo, nani kakutuma ualike watu bila kuambia jikoni?"

"Kazi yangu ni kualika."

"Na kulisha?"

"Sijawahi kufika jikoni."

"Basi ngoja. Kitendawili."

Akazunguka kidogo. "Tega."

"Nyumba yangu, wageni huingia kwa geti, chakula hupita tundu la sindano."

Akafikiri. Akasema ni mzinga wa nyuki. Nikamwambia siyo. Akasema ni kaburi. Nikamwambia huko hawapakui.

"Umeshindwa. Nipe mji," nikasema, maana ndiyo kawaida, aliyeshindwa kitendawili hutoa mji.

"Nakupa Korogwe."

Hapo hapo tupo Korogwe. Ni yangu yote, na stendi na daraja la mto Pangani. Wauza machungwa wananiamkia, "Shikamoo mwenye mji." Mtu mmoja ananiuliza kama aendelee kuoka mikate. Nikamruhusu aendelee. Lakini Korogwe nitaifanyia nini na mjukuu wangu yuko mlimani amekalia sakafu inayoliwa?

"Turbo, jibu ni nyumba hii hii unayoijaza."

"Sawa," akasema. "Mwambie mwenye shughuli."

"Mwenye shughuli alinituma nikapumzike."

"Basi mimi naendelea." Akaendelea.

Nikarudi jikoni. Nozeli mkubwa ameweka upawa chini. Shingoni amevaa kipete cheusi cha mpira.

"Dada Mwantumu," akasema, "shughuli isiyo na chakula haiongezwi muda, inafungwa. Na mpakuaji akivua pete, shughuli imefungwa. Nenda nayo. Bila hii petroli itamwagika nje, na fundi hatathubutu kuliwasha."

"Nikurudishie lini?"

"Wakinunua nozeli wapana, na karani akafundishwa kuhesabu upya. Wewe si unajua kazi."

Hakuna aliyekuwa ameniambia hivyo tangu jana. Nikatoa kidole changu cha mwisho, akanivika. Wageni wakainuka mmoja mmoja, wakaaga, na upepo yule mzee akakirudisha chini kipande cha pistoni alichokuwa amekishika.

Nikaamka. Jogoo wa jirani anawika. Huko uani nasikia sauti ya Mhina.

"Semhando, kipete cha mpira cha nozeli ya kwanza ulikiweka wapi?"

"Sikukiweka. Nilikifunga mwenyewe jana, wewe ukinimulikia."

"Mbona hakipo?"

"Kama hakipo, usiwashe. Tutalichoma gari na nyumba ya Bibi."

Nikanyanyua mkono. Kwenye kidole cha mwisho nimevaa kipete cheusi cha mpira, kinanuka petroli.

Nikajitanda kanga, mkono nikauficha ndani, nikatoka.

"Shikamoo Bibi," wakasema wote wawili.

"Marahaba. Kitendawili."

"Bibi, si sasa hivi," Mhina akasema. "Tumepoteza kitu."

"Nimesema kitendawili."

"Haya, tega."

Nikawategea kile kile. Mhina akajikuna kichwa, akatazama saa. "Nimeshindwa. Nakupa mji, Bibi, chukua Korogwe."

"Korogwe ni yangu tangu usiku. Toa mwingine."

Hakutoa mwingine, kwa sababu Semhando alikuwa amesimama wima na spana mkononi. Alitazama turbo. Akatazama pampu mpya. Kisha akaziangalia zile nozeli nne muda mrefu, kama mtu aliyekumbuka kwamba hakuwaambia watu wa jikoni.

"Mhina," akasema taratibu, "leo hatupandi."

"Kwa nini?"

"Muulize Bibi."

Mhina akanigeukia. Nikamwambia mambo ya mashine siyajui, nikaingia ndani kuchemsha chai ya watu watatu.