Damu Ilikuwa Nyekundu

Pale kwenye duka la dobi walifanya kazi wanawake watano, na aliyewazidi wote kwa mdomo aliitwa Kiwembe. Mwenyewe alisema jina hilo lilitokana na mikunjo ya suruali alizozipiga pasi. Wenzake walijua ni ulimi. Meza ya pili kutoka kwake alisimama wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke mpole asiyependa makuu.

Umeme ulipokatika na kukaa siku tatu bila kurudi, bosi alitoa pasi za mkaa stoo na kuwasha majiko mawili kwenye kona ya chumba. Barabara ya mbele ilikuwa ikichimbwa, vumbi likatua kwenye mashati meupe ya hoteli. Bosi akaleta nyundo, akapigilia madirisha yote misumari.

"Sasa tutapumua nini?" Kiwembe akamuuliza.

"Kwani unaona moshi? Mkaa umeshaiva huo."

Kweli moshi haukuwepo, wala harufu. Lakini kila ilipofika saa nne asubuhi vichwa vilianza kugonga. Mmoja alitapika, mwingine miguu ikamlegea. Jumapili, majumbani kwao, wote walikuwa wazima. Kiwembe alipomweleza bosi hilo, alicheka.

"Ugonjwa unaojua siku za kazi una jina lake. Uvivu."

Jumatano wifi alianguka juu ya meza. Pasi ilidondoka, ikaunguza shati, na bosi akakimbilia shati. Kiwembe alimshika wifi yake kwapani, akamburuta hadi nje, akasimamisha bajaji na kumpeleka zahanati.

Tabibu alikuwa kijana aliyechoka, foleni ikimngoja mlangoni. Alimbana mgonjwa kidole kwa kipimo kidogo, akasoma namba.

"Tisini na nane. Oksijeni ipo tele. Amechoka tu huyu. Nitampa dawa ya kichwa, akapumzike nyumbani."

"Daktari, muulize jina la mwanawe wa kwanza."

Tabibu akauliza. Wifi alimtazama, midomo ikacheza, jina halikutoka.

"Umeona? Mwenye oksijeni tele hasahau mtoto aliyemzaa. Hapa siondoki. Ukitaka kunitoa, tafuta watu wanibebe na hiki kiti."

"Dada, kipimo ndicho kinachosema."

"Basi kinasema uongo! Tupo watano, wote vichwa vinatuuma, na wote tunapona Jumapili. Kitu gani hicho?"

Tabibu alikuwa ameshashika kalamu. Akaiweka chini.

"Kazini mnafanya nini?"

"Tunapiga pasi za mkaa. Madirisha yamepigiliwa misumari."

Aliinuka haraka hata kiti kikaanguka. Alivuta mtungi wa oksijeni, akamfunika wifi barakoa yenye mfuko, akafungulia hadi mwisho. Kiwembe alisimama kichwani pa kitanda, hajalegeza uso.

"Nieleze," alisema. "Mimi si mtoto."

Tabibu akaeleza huku akishika mapigo ya mgonjwa. "Ndani ya mapafu kuna vifuko vidogo mno, mamilioni, vyenye ukuta mwembamba kabisa. Ng'ambo ya ukuta inapita damu. Kila gesi hutoka upande ambao msukumo wake ni mkubwa, ikaenda ulipo mdogo. Ukivuta hewa, oksijeni imebanana zaidi kwenye vifuko kuliko kwenye damu, kwa hiyo inavuka. Hewa chafu nayo imebanana kwenye damu, inavuka kuja huku, unaipumua nje."

"Na mkaa?"

"Mkaa ukifungiwa ndani unatoa gesi nyingine, kaboni monoksaidi. Haionekani wala hainuki. Inavuka ukuta uleule, na ikishafika kwenye damu inakalia kiti cha oksijeni, inaking'ang'ania kwa nguvu zaidi ya mara mia mbili. Damu inabaki nyekundu. Kipimo hiki kinaangalia rangi tu, hakijui nani kakaa. Kimetudanganya."

"Kimekudanganya wewe."

Tabibu akakitia kipimo mfukoni. "Tunaing'oa kwa msukumo huohuo. Katika hewa ya kawaida oksijeni ni sehemu moja kati ya tano. Ya mtungini ni oksijeni tupu. Tunaijaza kwenye vifuko, inasukuma kwa nguvu mara kadhaa, na ile gesi inaachia kidogo kidogo. Saa moja na ushei, nusu itakuwa imetoka."

Saa tisa alasiri wifi alifumbua macho na kuulizia watoto, mmoja mmoja kwa majina. Kiwembe aligeukia ukuta, akalia bila sauti. Alikuwa bado anajifuta bosi alipoingia na karatasi: mfanyakazi atie sahihi kwamba alizimia kwa kuja kazini na njaa.

Kiwembe akaisoma, akamrudishia. "Hujaandika madirisha."

"Ukiendelea na huo mdomo, kazini usirudi."

"Narudi. Tena sasa hivi."

Alifika dukani kabla ya bosi. Alichukua nyundo ileile, akaanza kung'oa misumari. Wenzake watatu waliobaki kwenye meza walimtazama, kisha wakabeba majiko hadi uani. Bosi aliingia akihema.

"Umefukuzwa kazi!"

"Sawa," alisema Kiwembe, akahamia dirisha la tatu.

Alipomaliza alivua aproni, akatoka. Wale watatu nao wakavua zao. Mashati ya hoteli yalibaki kwenye vikapu, yamejikunja.

Siku ya pili yake bosi alikuja nyumbani kwa Kiwembe, akakaa kwenye ukingo wa kiti. Kiwembe hakumung'unya maneno, wakirudi kazini iwe hivi: madirisha wazi, majiko nje, wifi yake apumzike hadi apone na siku zake zihesabiwe kazini. Bosi aliangalia sakafu, akakubali yote.

Wifi alichukua wiki tano. Kichwa kilimsumbua, na mara nyingine alisimama katikati ya chumba bila kujua alifuata nini. Siku aliyorudi ndiyo siku mkaguzi wa kazi alipopita, na bosi akawahi kumweleza kwamba ilikuwa bahati mbaya.

"Haikuwa bahati mbaya," alisema wifi. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Aliweka pasi pembeni, akaanza kusimulia tangu siku umeme ulipokatika, bosi akiwa amesimama palepale, na mkaguzi akafungua daftari.