Siagi Iliyogoma Gitting

Watu wa televisheni walishamwambia Evaline bila kumzungusha: kipindi chake cha kwanza cha sayansi kilikuwa kama darasa, watoto wangesinzia. Alete kingine Ijumaa, nacho kikiwa hivyo, basi. Ndiyo maana alikuja kijiji cha Gitting, mlimani, na Herman mpiga picha, kwa Mama Philomena, waonyeshe maziwa yanavyotoa siagi kwenye kibuyu.

Mama Philomena alijiandaa kama anayepokea askofu. Akavaa kitenge cha Pasaka, na ili moshi usiharibu kamera, akazima moto tangu jana yake. Maziwa yaliyoganda yakalala kibuyuni kwenye jiko lililopoa, na baridi ya huko si ya mchezo.

Mjukuu wake, Loveness, akasukasuka kibuyu mpaka kilemba kikamdondoka. Evaline akachungulia. Maziwa matupu.

"Bibi, siagi imegoma!"

"Imeona kamera, inaona aibu," Herman akatania.

Evaline hakucheka. Maneno aliyoyakariri, "Sasa watoto, tazameni siagi!", hayakuwa na kazi tena. "Zima, Herman."

"Dada, asizime!" Loveness akadakia. "Hata mafuta yangu ya nazi leo yaliganda chupani, mpaka nikayabana kwapani. Labda na siagi inasikia baridi."

Evaline, mwalimu wa miaka mingi, tayari alikuwa na maelezo marefu mdomoni. Akayameza.

"Tutajuaje?" akauliza.

Mtoto akafikiri, huku akikwaruza ukoko wa uji shavuni. "Tugawe maziwa kwenye vibuyu viwili. Kimoja kikae karibu na moto kidogo, kingine kibaki na baridi yake. Halafu tushindane."

"Mimi nimeuzima kwa heshima ya wageni," Mama Philomena akasema, akipuliza kuni, "kumbe nimeikomesha siagi!"

Kibuyu kimoja kikaota moto mpaka kikawa vuguvugu. Bibi akachukua cha baridi, mjukuu cha moto. Wakasukasuka wakitambiana, moshi umejaa, Herman anakohoa nyuma ya kamera. Mara mlio wa kibuyu cha Loveness ukabadilika, ukawa mzito. Akafungua. Madonge ya njano yanaelea.

"Umenishinda kwa kuni zangu mwenyewe!" bibi akalalamika, akionja la kwanza.

Evaline akamwashiria Herman asogeze kamera kwenye madonge. Hakukuwa na haja ya maelezo.

Jumatatu simu ikaita. Mama mmoja wa kituo cha televisheni alikuwa anacheka. "Kipindi kimepita, utuletee na vingine. Ila niliwaonyesha wanangu, na sasa nyumbani kwangu kila chupa ya mafuta iko ndani ya friji, hawataki niitoe mpaka wajue ipi itaganda."