Mbuzi wa Siku ya Kura

Mwalimu mkuu alipotuma ujumbe kwamba shule inafungwa kwa sababu ya kura, mtaa wetu wa Lodwar ulianza kupanga safari. Kuna waliosema wanapeleka watoto Lowarengak wakaoge ziwani. Kuna waliosema hawaendi popote, watalala. Losike, ambaye hoteli yake ndiyo inayotunywesha chai na habari za watu, yeye alisema anapeleka watoto wake Kakuma wakale na baba yao.

Hapo hata wenye maneno hawakumtania. Tunajua kisa chake. Mumewe, Lokiru, anaendesha lori la mizigo kwenda mpakani Nadapal, na tangu Krismasi familia ile haikuwa imekula kwenye sinia moja. Mdogo wao alikuwa ameanza kumwita baba "yule wa simu".

Siku ya kura lori lingesimama Kakuma hadi alasiri, halafu malori yote yangeondoka pamoja, askari wakiyasindikiza. Na kura ya Losike iko Kakuma, maana alijiandikisha enzi alipokuwa na hoteli huko. Basi mpango ulikuwa rahisi: apige kura mapema, kisha waende kando ya laga, ule mto mkavu wa mchanga, Lokiru achome mbuzi, wale wote pamoja.

Walilala Kakuma kwa dada yake Losike, na alfajiri akaenda kituo cha kura, shuleni. Foleni ilikuwa imezunguka madarasa, ikapita vyoo, ikatoka nje ya ua. Akaitazama, akageuka, akaenda moja kwa moja kwa Eugénie.

Eugénie ni Mkongo, anasuka nywele Kakuma, na urafiki wao ni wa siku nyingi. Alikuwa kazini tayari, mwanawe Guy mgongoni.

"Niazime Guy," Losike akasema.

Eugénie hakuuliza wa nini. Kila mtu anajua mama mwenye mtoto mchanga hapangi foleni, anapelekwa mbele. "Dada Losike, mutoto si sufuria."

"Nitamrudisha kabla hujamaliza hicho kichwa."

"Mpe," akasema mteja, kichwa kimeinamishwa magotini mwa msusi. "Huko wameazimana mpaka wajukuu."

Guy akafungwa mgongo mwingine. Kituoni afande mwanamke alimwona Losike, akampungia mkono aje mbele. Mlangoni karani alichukua kidole kidogo cha Guy, akakipaka wino.

"Na mtoto pia?" Losike akauliza.

"Watoto wamezunguka sana leo, mama. Akishapakwa, harudi na mwingine."

Guy akautazama wino. Akamtazama karani. Halafu akamtazama Losike usoni, vizuri, kama mtu anayesoma kibao cha njiani, akagundua kwamba huyu siye. Kilio alichotoa kilisikika mpaka vyooni.

"Mnyonyeshe basi," karani akasema.

Losike akambembeleza, akamrusharusha, akamwimbia. Kitinda mimba wake yuko darasa la pili, maziwa angeyatoa wapi?

"Si huyo ni Guy wa Eugénie?" sauti ikatoka kwenye foleni. "Mama yake namwacha sasa hivi anasuka."

Wanawake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Afande hakucheka. "Mama, mrudishe mtoto kwa mwenyewe. Halafu nyuma kabisa."

Eugénie, aliyesikia kilio, alikuwa ameshakuja mbio, kitana kimechomekwa nyweleni. Akampokea mwanawe, akaona kidole.

"Mutoto yangu amepiga kura?"

"Wamempaka tu."

"Mimi sijapiga toka nizaliwe," Eugénie akasema, akikigeuzageuza kile kidole. "Guy amenitangulia."

Losike akaenda mkiani. Jua likapanda. Foleni ilisonga kama ngamia aliyekataa kuamka. Mchana akampigia mumewe, aliyekuwa lagani na watoto: "Baba Akai, kuleni. Msiningoje. Hapa nitafika jioni."

"Mbuzi ameiva," Lokiru akasema.

"Ndiyo nasema mle."

Akakata simu haraka, isisikike sauti yake inavyobadilika. Aliyekuwa mbele yake, mama mmoja anayeuza mkaa, akajifanya anaangalia viatu vyake.

Haukupita muda, bodaboda ikasimama kwenye ua. Lokiru akashuka na sinia la nyama limefunikwa leso, watoto nyuma yake. Akaliweka chini, miguuni pa Losike.

"Ejok, mama Akai," akamsalimia. "Laga imehamia hapa."

Sasa, Mturkana haweki nyama mbele ya watu akala peke yake. Lokiru akatoa kisu, akaanza kukatia walio mbele, kisha walio nyuma. Foleni ikisonga hatua, Akai na mdogo wake wananyanyua sinia, nalo linasonga. Losike alikuwa hajatia hata kipande mdomoni afande alipofika.

"Ni mgombea gani analisha wapiga kura hapa?"

Midomo ikaacha kutafuna.

"Huyu ni bwana yangu, afande. Hagombei kitu."

"Hata hapigi kura hapa," mama wa mkaa akasema. "Ametafuta bibi yake tu, akamkuta na sisi."

Afande akalitazama sinia, akawatazama watoto waliolishika huku na huku. "Kama ni ya familia, iliwe na familia. Kando, pale kivulini. Siyo kwenye mstari wangu."

"Nikitoka naanza upya," Losike akasema.

Huko barabarani malori yakapiga honi. Losike akamtazama mumewe. "Nenda. Watakuacha."

Lokiru akatoa simu, akaongea na mwenzake maneno machache ya Kiturkana, akairudisha mfukoni. "Nadapal haina miguu. Nitaikuta kesho." Akafuta kisu kwenye suruali. "Afande, nikimshikia huyu nafasi yake, ni kosa?"

"Ukifika mlangoni umwite. Usijifanye wewe ndiye yeye. Leo nimeona ya kutosha."

Lokiru akasimama nyuma ya mama wa mkaa, mrefu kupita foleni nzima. Losike akaenda kivulini na watoto, akavua viatu, akaketi. Mdogo akamsogezea mbavu zilizobaki.

"Baba haji kula?" akauliza.

"Mpelekee ya kwake," Losike akasema. "Mpe mkononi."