Pango Lisiloandikwa

Mzee Josephat aligonga geti mara ya kwanza kwa adabu, mara ya pili kwa ngumi, na mara ya tatu kwa kiatu. Lilikuwa geti la mabati mapya, limesimikwa katikati ya majabali mawili ambayo tangu dunia iumbwe hayakuwahi kuwa na mlango. Nyuma ya mzee walisimama mkewe Sabina na binti yao Kija, kila mmoja amebeba pacha mgongoni. Kulwa alikuwa amelala. Doto alikuwa analia, na kilio chake kilimchoma mzee kana kwamba mtoto anamsuta.

Geti likafunguka kiasi cha kutoa uso. Uso wenyewe ulikuwa wa Shimba, mtoto wa jirani yao, chini ya kofia ya ulinzi iliyompwaya.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Fungua."

"Siwezi, baba mkubwa. Kuna wageni. Wanaogelea."

"Wanaogelea wapi?"

Shimba akatazama chini. "Kule ndani."

Hata yeye, pamoja na kofia yake, hakuthubutu kusema zaidi. Chini ya majabali yale kuna pango, na kila mtu wa mwambao ule, kutoka kijijini mpaka kivuko cha Kamanga, analijua. Lakini mgeni haambiwi kwamba lipo. Wazee walisema anayemwambia mgeni huyafukuza maji. Ndiyo maana watu husema "kule ndani" na kuishia hapo.

Humo ndani maji ya ziwa hupenya chini ya mwamba, yakajaa katika bakuli la jiwe lenye upana wa nyumba, yakatulia, yakawa baridi na maangavu kiasi kwamba ukidondosha sindano utaiona inavyozama mpaka chini. Mwanamke wa ukoo wao akizaa mapacha huogeshwa humo pamoja na wanawe, ndipo arudi kwa mumewe. Asipooga, hagusi chungu cha mkwewe wala hapiti karibu na zizi. Kija alikuwa ametimiza miezi minne nyumbani kwa baba yake, akisubiri kupata nguvu. Kesho wakwe zake wangekuja kutoka Magu kumchukua, nao walikwisha kutuma neno: wakimkuta hajaoga, wataondoka bila yeye, na hawatarudi mara ya pili.

"Shimba," Sabina alisema kwa upole wenye meno, "dada zako wale mapacha, mama yenu aliwaogeshea wapi? Kwenye karai?"

"Mama mkubwa, mimi ni mlinzi tu. Nikifungua, kesho sina kazi."

"Basi kamwite huyo mwenye kazi yake," alisema mzee.

Alikuja kijana wa tai, viatu vinang'aa juu ya mawe, funguo zinalia kiunoni. Aliitwa Alexander, meneja wa mwekezaji aliyepewa majabali yale, ametoka Dar es Salaam mwaka ule ule.

"Karibu, mzee wangu. Shida ni nini?"

"Shida ni wewe."

Meneja akatabasamu kama watu waliofundishwa kutabasamu. "Mzee wangu, mambo yamebadilika. Hili ni soko huria. Mwekezaji hakuvamia. Kijiji chenyewe kiliridhia, na karatasi tunayo."

"Ilete."

Mzee Josephat hakuwa mtu wa kutishwa na karatasi. Alijifunza kusoma akiwa na miaka thelathini na minane, katika darasa la jioni, mavumbi ya pamba ya kiwandani yakiwa bado kichwani mwake. Baadaye akawa katibu wa kijiji kwa miaka kumi na miwili, na katika miaka hiyo hakuna ofisa aliyemsomea jambo ambalo yeye mwenyewe asingeweza kulisoma. Alivaa miwani yake, tayari kumkamata mwongo.

Karatasi ililetwa imefungwa ndani ya plastiki. Muhtasari wa mkutano wa kijiji, 1991. Mwandiko ulikuwa wima, kila herufi imesimama peke yake, mikia imeteremka chini ya mstari inavyotakiwa. Kabla hajafika kwenye jina mwishoni, alikwisha kuujua mkono. Ulikuwa wake.

Aliikumbuka siku ile. Ofisa wa ardhi, aliyetafuta ardhi isiyo na mwenyewe, aliuliza mkutano mara tatu: katika majabali haya kuna kitu chochote cha kijiji, kisima, makaburi, pango? Watu wazima mia tatu wakatazama vidole vya miguu yao. Nani angemwambia mgeni? Naye katibu, aliyejivunia kuandika kilichosemwa bila kuongeza wala kupunguza, alisubiri, kisha akaandika: *Hakuna kisima, hakuna makaburi, hakuna pango. Ni mawe matupu.* Jioni ile walicheka kijiji kizima. Mgeni kaondoka mikono mitupu!

"Mwandiko mzuri huu," alisema Alexander. "Siku hizi watu hawaandiki hivi."

Damu ilimpanda mzee mpaka masikioni. Alimchukia kijana huyu na tai yake. Alimchukia mwekezaji, ambaye bila shaka aliingia na tochi, akayaona maji, akatoka amefunga mdomo. Aliwachukia wale mia tatu na vidole vyao.

"Baba Kija, kuna nini?" Sabina aliuliza. "Umesoma nini?"

"Ujinga."

"Wa nani?"

"Wangu!" alifoka. Kisha akasoma tena, taratibu, na alipoinua uso sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kijana, macho yako ni mapya. Hebu soma hapa. Humu mna nini?"

"'Hakuna pango. Ni mawe matupu.'"

"Na mwekezaji wako alipewa nini?"

"Hayo mawe."

"Basi akae nayo. Ayafunike shuka yalale. Sisi hatutaki hata kokoto. Binti yangu anakwenda kuoga pangoni, na karatasi yako inasema huna pango. Unamzuia asiingie wapi?"

"Mzee, huo ni ubishi tu."

"Huo ni muhtasari! Umegongwa mhuri! Kama unalo pango, karatasi ni ya uongo. Kama karatasi ni ya kweli, huna pango. Chagua, nasubiri!"

Alexander akageuka. "Shimba, watoe hawa."

Shimba alilisukuma geti mpaka likagonga jabali. "Mimi nalinda mawe, bosi. Wao wanakwenda pangoni."

Wanawake walishuka. Wazungu wawili waliokuwa majini walitoka wamejifunga taulo, mmoja akasema "Jambo!" na hakuna aliyemwitikia. Mzee Josephat alisimama mdomoni mwa pango, mgongo kwa maji, mikono ameitandaza kwenye mwamba ili meneja asipite. Nyuma yake alimsikia Kija akipiga ukelele maji yalipompata, kisha vigelegele vya Sabina, kisha mapacha wote wawili wakilia kwa pamoja.

"Leo umeshinda, mzee wangu," Alexander alisema kwa sauti ya chini. "Lakini umenisaidia. Sikujua kwamba karatasi ina kasoro. Jumatatu nakwenda wilayani, pango liandikwe kwa jina letu."

Mikono ya mzee ikateremka yenyewe.

Kija alitoka nywele zikichuruzika, Doto kifuani. Alikuwa amesikia yote; pango halifichi neno.

"Baba, mdogo wangu Justa ana tumbo la miezi sita. Akizaa mapacha, ataoga wapi?"

Hakuuliza kwa ukali, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Mzee Josephat alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Ilikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi. Ofisi ya wilaya ilikuwa wazi mpaka saa tisa na nusu.

"Shimba! Vua hiyo kofia. Twende wilayani leo, pango liandikwe la kijiji; utakuwa shahidi."

"Shahidi wa nini, baba mkubwa?"

"Kwamba niliandika uongo!"

Alilisema kwa nguvu hata wazungu wakageuka. Kisha akatangulia kuupanda mlima, mbio mbio kuliko umri wake, ili mtu yeyote asimwone uso.