Bidon Iliyooshwa Vizuri

Jeep ya zamani ya Papa Nizeyimana ilianza kukohoa tulipotoka Kirolirwe, yeye, mkewe na mimi msaidizi wao, na maziwa ya kuuza Sake. Ilirukaruka kama mbuzi, kisha ikazima katikati ya mlima. Jua likipanda, maziwa yatachacha.

"Ni buji," Papa akasema. Akazitoa plagi hizo zote kwenye injini, akazifuta, akazirudisha. Ikakohoa tena.

"Papa, kikohozi hiki tukipeleke hospitali ya Kirotshe," nikasema.

"Nyamaza, fungua karbirata!"

Nikafungua. Chini ya esansi, petroli yetu, kulikuwa na maji. Tukamgeukia mke wake, Mama Libérata, aliyejaza tanki asubuhi kwa dumu.

"Bidon ya esansi niliiosha muzuri," akasema polepole, "na maji ya moto, sawa ile ya maziwa. Ilikuwa inanuka."

"Watu wa Sake wanasemaka tunatiaka maji mu maziwa," nikasema. "Kumbe ni mu esansi!"

Tulimwaga yale maji, jeep ikasogea kidogo, ikazima: mengine yalikuwa yanashuka kutoka kwenye tanki, na esansi nyingine ilikuwa Sake tu.

Papa akafungua bidon moja ya maziwa, akanusa, akaifunga. Harufu ya uchachu ilikuwa imeshatufikia sote.