Dengu za Mama Shali

Binti alikipuliza kijiko, akakitia mdomoni, na mimi pale sokoni kwenye meza ya mikate nikasahau kupumua. Nilikuwa nimegeuka upande, najifanya nachagua mkate, huku jicho la pembeni liko kwake. Mdogo wake, tuliyemwita Bonge kwa sababu zinazoonekana, alikuwa akinivuta sketi anataka nyama ya kuchoma ya yule mzee mwenye ndevu nyekundu. Nikamwambia subiri. Dada yake alitulia kidogo na kijiko mdomoni. Kisha akaliinamia bakuli, na hakuinua kichwa tena mpaka likabaki tupu.

Zilikuwa dengu zangu. Nilizipika mwenyewe alfajiri ya siku ile, kwenye jiko la hospitali nilikokuwa nikifanya kazi, vitunguu nikaviunguza kidogo makusudi, ndimu nikaikamua mwishoni kabisa. Yeye hakujua. Alidhani amepikiwa na Mama Shali, yule muuza supu.

Niliolewa na baba yao, dereva wa malori ya safari ndefu, mwaka mmoja baada ya mama yao kufariki. Bonge hakunipa shida. Huyo hata ungempa jiwe lenye chumvi angeuliza kama lipo jingine. Dada yake alikuwa na miaka tisa. Alikuja mezani siku ya kwanza, akanisalimia kwa adabu, shikamoo anti, akakaa mbele ya sahani yangu mikono mapajani. Hakula. Kesho yake hivyo hivyo. Alichemsha yai lake mwenyewe, akamenya ndizi yake mwenyewe, na akaendelea kukonda hadi nguo za shule zikawa zinamning'inia. Baba yake kila akirudi safari alinitazama tu, na kule kutazama kulinichoma kuliko matusi. Hebu fikiria: wadi nzima ya watu wasio na hamu ya chakula inakula mkononi mwangu, halafu nyumbani kwangu mtoto mmoja ananishinda.

Bonge ndiye aliyetoboa siri. Siku ya msiba shangazi yao alimvuta dada mtu pembeni, akamwambia kwamba akila chakula cha mke mwingine wa baba yake, atamsahau mama yake. Basi. Maneno ya mtu mzima yakishamwingia mtoto aliyefiwa, nani atayatoa? Yule wifi yangu nilimlaani kimoyomoyo, lakini mtoto sikuweza kumlaumu. Alikuwa anamlinda mama yake kwa njaa.

Ndipo nikaanza kuwapeleka sokoni kila Jumamosi. Soko lenyewe ni uwanja wazi, turubai za kila rangi, wapishi wa kila nchi, kila mmoja na sufuria yake na lugha yake. Kulikuwa na waliofunga wali kwenye majani, waliovuta tambi kwa mikono kama wanasokota kamba, na waliokaanga vitu ambavyo mpaka leo sijui majina yake. Nikasema, hapa hakuna mke wa baba wa mtu. Na kweli, binti alikula. Aliwaonyesha wale wageni chakula kwa kidole, wakamjibu kwa lugha zao, akacheka. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka. Ningeridhika na hilo tu, leo ningekuwa na amani. Sikuridhika.

Mama Shali aliuza supu mwisho wa uwanja. Alikuwa mwanamke mnene, shali ya sufu mabegani hata jua likiwaka, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Nilimfuata siku ya kazi, watoto wakiwa shuleni, nikamwomba nilete sufuria yangu aiweke kati ya zake, ampakulie binti kana kwamba ni yake. Mara moja tu. Akishazipenda nitamwambia ukweli, na yeye mwenyewe ataona kwamba amekula na mama yake bado yuko kichwani palepale. Nilijiona nina akili kweli. Mama Shali alifuta mikono.

"Wangu pia, kule, wanapikiwa na mwanamke mwingine," akasema. "Lete sufuria."

Kwa hiyo bakuli lilipobaki tupu, nilisogea na mkate wangu, maneno nimeshayapanga. Binti alikuwa amesimama, analirudisha bakuli kwa mikono miwili.

"Asante, mama," akamwambia Mama Shali.

Neno hilo nilikuwa sijalisikia kinywani mwake tangu niingie nyumba ile. Mama Shali akanitazama juu ya kichwa cha mtoto, akinipa nafasi yangu. Nikayameza maneno yote. Nikasema moyoni, Jumamosi ijayo. Jumamosi ijayo ilipofika nikaleta sufuria nyingine.

Tukaenda hivyo miaka. Binti akanawiri, mashavu yakarudi. Wateja wengine nao wakaanza kuziulizia zile dengu, na Mama Shali akawa ananitania kwamba kizuri chajiuza. Hata nyumbani binti alilegea kidogo kidogo, leo mkate, kesho wali, hofu ikamtoka yenyewe kadiri alivyokua. Lakini dengu sikuthubutu kuzipika nyumbani. Angezijua kwa kijiko cha kwanza. Mama Shali alipofunga virago kurudi kwao, binti alilia kutwa nzima, na aliyembembeleza ni mimi.

Mwezi uliopita binti, sasa mtu mzima, alikuja kunitembelea na bintiye mdogo, akataka twende sokoni. Pale palipokuwa pa Mama Shali sasa kijana anauza juisi ya miwa. Hakukata tamaa. Alituzungusha turubai hadi turubai akiulizia dengu, anaonja kidogo, anaweka kijiko chini. Mwisho tukakaa kwenye benchi, miguu inatuuma.

"Unajua, anti, sikumbuki tena mapishi ya mama," alisema. "Nikifumba macho nimtafute jikoni, zinakuja zile dengu tu." Alikuwa anatabasamu, lakini macho yalikuwa na maji. "Shangazi alisema kweli. Nimemsahau kwa chakula cha mtu. Ila hakikuwa chako. Wewe nilikuogopa bure. Nisamehe."

Akanishika mkono. Ningeweza kusema pale pale. Baba yao tulishamzika, Mama Shali sijui yuko wapi, siri nimebaki nayo peke yangu. Lakini ningemwambia nini? Kwamba shangazi hakukosea hata kidogo? Nilitaka mtoto ale, na hilo halikuwa kosa. Nilitaka pia anipende kwa kile alichokula, hata kama hajui ni changu, na kwa tamaa hiyo nikamnyang'anya mama yake mara ya pili. Nilimwambia hayo yamepita, mwanangu, tusiyafukue.

Mjukuu alikuwa ananitazama, miguu inaning'inia kwenye benchi.

"Bibi, kwani wewe hujui kupika dengu?"

"Sijui, mjukuu wangu," nikamjibu.

Mama yake akamtania kwamba bibi amelisha hospitali nzima miaka yote ile, dengu tu ndizo zilizomshinda. Tukacheka wote watatu. Kisha nikainuka nikaenda kuwanunulia mkate.