Kubebwa Polepole

Kosa la Pascasie lilikuwa kwenda kwa miguu yake mwenyewe kuomba abebwe.

Chama cha ingobyi, cha kubeba wagonjwa, cha mtaa wao hapo Goma kilikuwa na machela moja ya matete, wanaume wanne wenye mbio, na kanuni moja: anayeweza kutembea, atembee. Mwenyekiti alikuwa muzee Twagirayezu.

"Umefika hapa na nini, mama?"

"Na miguu, muzee."

"Basi."

Pascasie hakuuona uso wa muzee. Aliona tumbo lake tu, likikataa.

Alikuwa fundi wa kushona, na jicho lake lilikuwa moja. Lile jingine lilikwenda na surua utotoni. Sasa hili lililobaki lilikuwa limeshukiwa na pazia jeusi kutoka juu, na tangu Jumapili watu wote wa Goma walianzia kifuani kwenda chini.

Donat, muuguzi wa dispansari, alimweleza kwa lugha ya ushonaji: utando wa nyuma ya jicho umebanduka kama bitana ya koti. Daktari wa macho yuko Bukavu mpaka mwisho wa mwezi, naye anajua kuushikiza.

"Yeye hadai kitu," alisema Donat. "Ila meli inadai. Tena bila mutu wa kukupikia wiki sita, hawakupokei. Na mpaka ufike, lala chali, usitikiswe. Pazia likifika chini, hata yeye hataweza."

Pascasie alikuwa na nauli ya mtu mmoja. Sanduku la chama lilikuwa na faranga kumi na tisa na msumari.

Akarudi nyumbani, akalala chali. Siku ya meli, wifi yake Léoncie, aliyekubali kwenda kumpikia ingawa nauli yake haikuwepo, alimwendea mwenyekiti kumwambia kwamba Pascasie hatembei tena. Muzee alikuja mwenyewe kuhakikisha.

"Hawezi, ama hataki?"

"Muganga amemukataza," alisema Léoncie.

Twagirayezu aliitazama miguu ya Pascasie. "Kukatazwa nako ni ugonjwa," akaamua.

Donat alilifunga jicho kwa kitambaa, akawaonya wabebaji wasikimbie. Kamate, mmoja wao, aliyewahi kumfikisha mjamzito hospitali kabla uji wake haujapoa, alichukizwa.

"Sasa tutembee namna gani?"

"Kama mumebeba mayai."

Wakatembea hivyo. Lakini Goma nzima ilijua kwamba mgonjwa hubebwa mbio, na kwamba kuna mtu wa aina moja tu anayebebwa polepole. Kwenye kona ya kwanza wanaume walivua kofia. Sokoni wanawake walitua mikungu ya ndizi. Sarafu ikaanguka kwenye blanketi, kisha nyingine.

"Hajafa!" alipiga kelele Kamate.

"Pole, ndugu yetu," walimjibu. "Sisi wote tulisema hivyo siku ya kwanza."

Pascasie alikatazwa kutikisika, na kulia ni kutikisika. Alilala kimya, akasikiliza. Mukamugema, mteja aliyemtangaza kwa miaka miwili kuwa fundi aliyemharibia gauni, alikuwa anatembea kando ya machela akiomboleza.

"Mikono ya dhahabu! Nilimusingizia bure, gauni lilikuwa sawa! Ni mimi nilinenepa!"

Kwenye gati, karani wa meli alinyoosha mkono.

"Maiti haipandi."

"Niko muzima, papa," alisema Pascasie, akitumia midomo peke yake. "Tiketi mbili."

Léoncie alikusanya sarafu kwenye blanketi. Zilitosha tiketi ya pili na maharagwe ya wiki sita. Nyuma yao Mukamugema alikuwa amenyamaza ghafla.

Baada ya wiki saba Pascasie alishuka gatini kwa miguu. Pazia lilikuwa limepanda. Kilibaki kipande kidogo pembeni, kama pindo. Watu walikuwa na nyuso tena. Twagirayezu alikuwa na ndevu.

Alishona miezi mitatu ili azirudishe zile fedha, lakini hakuna aliyekubali kupokea. Rambirambi hairudishwi, walisema, ikirudishwa itarudi pamoja na kifo. Basi zikaingia kwenye sanduku, pamoja na msumari, zimngoje mgonjwa wa jicho atakayefuata.

Kanuni nayo iliongezwa. Mwenye ugonjwa wa macho atabebwa hata kama anatembea, atabebwa polepole, na mbele yake atatangulia mtu wa sauti kubwa kutangaza kwamba hajafa.

Kazi hiyo alipewa Mukamugema. Alikubali kwa sharti moja, ashonewe gauni la kuifanyia. Pascasie alimpima mwenyewe, akaandika namba alizoziona, zote, bila kupunguza hata moja.